Kosa ambalo hakuna aliyelisahihisha

Wadau, nimepotea kidogo hapa, mnisamehe. TP imeisha, nimerudi chuo wiki iliyopita nikiwa na vumbi la chaki hadi masikioni na madeni ya nauli kwa watu watatu. Leo ni Jumamosi, maji yamekatika hosteli, kwa hiyo kufua hakuna. Ngoja niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu siku zangu za mwisho kule shuleni.

Nilikuwa nasahihisha insha za Historia za kidato cha pili. Swali lenyewe la kawaida kabisa: sababu za Vita vya Maji Maji. Kuna kijana mmoja akaanza na mwisho. Yaani aya yake ya kwanza ni njaa iliyokuja baada ya vita, halafu akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye mashamba ya pamba ya Mjerumani. Hakuna utangulizi, hakuna "sababu ya kwanza, sababu ya pili". Nikampa 4 kwa 10, nikaandika kwa wino mwekundu: Fuata utaratibu. Dogo akanifuata ofisini. "Sir, lakini majibu yote yamo." Nikamwambia utaratibu ndio unaoleta maksi kwenye mtihani wa taifa. Sikumdanganya, ndivyo ilivyo. Akasema "sawa sir", akaondoka.

Nimerudi chuo, nikamsimulia mwenzangu wa chumbani. Huyu tunamwita Mjapani, ingawa kwao ni Tanga. Jina alilipata kwa sababu sekondari alisoma shule mojawapo hapa Dar ambayo Wajapani walileta mchezo wa besiboli, mambo yaliyoanza miaka ya 2010. Mpaka leo ana glovu yake ya ngozi chini ya kitanda, inanuka sijui nini. Mjapani akacheka, akasema: "Wewe ungemsahihisha hata Babe Ruth." Babe Ruth ndiye nani? Hapo ndipo nilipopoteza siku nne za kusoma kwa ajili ya mitihani, nikawa nasoma besiboli. Nikaona nisizipoteze bure, niwaandikie.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale ambao kama mimi mliuona kwenye sinema tu. Fikiria rede, lakini yule wa kati, badala ya kukwepa mpira, ana gongo mkononi na anatakiwa aupige. (Gongo la mti jamani, siyo ile nyingine.) Mrushaji yuko mbali kama mita 18, anautupa kwa nguvu zote. Mpigaji akiupiga vizuri anakimbia kwenye vituo vilivyopangwa kwa umbo la almasi, akimaliza vyote vinne timu yake inapata mkimbio mmoja. Akiukosa mara tatu, anatoka. Wenzake wa upande wa pili wametawanyika uwanjani, wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, anatoka pia. Na akiupiga ukaruka ukavuka uzio, basi, hakuna wa kuudaka. Anazunguka vituo vyote taratibu kama bwana harusi. Hiyo ndiyo homurani.

Sasa wewe usiyejua kitu utasema: si wote wapige mpira uvuke uzio, kazi imeisha? Na mimi nilisema hivyo hivyo. Kumbe kwa miaka mingi wachezaji wa Marekani hawakuwa hata na nia hiyo. Mwaka 1908 timu ya Chicago White Sox ilipiga homurani 3 tu. Siyo kwa mechi, kwa msimu mzima! Na haikuwa timu mbovu, ilishinda mechi 88. Mwaka 1909 mtu aliyeongoza ligi yake kwa homurani alikuwa Ty Cobb, alipiga 9, na katika hizo 9 hakuna hata moja iliyovuka uzio. Zote aliupiga mpira ukabingirika pembeni huko, akakimbia vituo vyote kabla hawajaurudisha. Kulikuwa na mwingine, Frank Baker, alipewa jina la utani la "Home Run" kwa sababu ya kupiga homurani mbili katika fainali za mwaka 1911. Mbili tu, jamaa akabatizwa jina!

Sababu ilikuwa mpira. Ule mpira mmoja ulichezewa karibu mechi nzima. Ukiangukia kwa watazamaji ulirudishwa, maana wenye timu walihesabu hela. Warushaji walikuwa wanautemea mate, wanaupaka udongo, wanautemea na juisi ya tumbaku, wanaukwaruza ili ukirushwa uyumbe njiani. Kufika mwishoni mwa mechi mpira umekuwa mweusi, umelainika kama embe lililominywa. Kitu kama hicho hata ukipige vipi hakiendi mbali. Kwa hiyo watu wenye akili walitafuta njia nyingine. Walishika gongo kwa kulibana, si pale mwisho wa mpini, bali juu kidogo. Cobb yeye alitenganisha kabisa mikono yake miwili. Walipiga mpira wa chini, mkali, upite katikati ya wadakaji. Au waliugusa tu, udondoke hapo mbele, halafu mbio. Waliiba vituo. Timu ilitafuta mkimbio mmoja mmoja, kama mama anayedunduliza hela ya ada.

Na usidhani ulikuwa mchezo wa kijinga. Ulikuwa mchezo wa ujanja mno, na walimu wake waliheshimika. John McGraw, kocha wa New York Giants, alikuwa anawaendesha wachezaji wake kama vipande vya drafti. Kwa watu hao, kuzungusha gongo kwa nguvu zako zote kutoka chini kwenda juu lilikuwa kosa la mtoto. Hesabu iko wazi: ukizungusha hivyo utaukosa mara nyingi, na ukiupata utaenda juu hewani, watu watauwekea glovu chini, wataudaka. Kosa kabisa. Kila kocha alikuwa anajua namna ya kulisahihisha.

Haya, sasa huyo Ruth.

George Herman Ruth alizaliwa Baltimore mwaka 1895, baba yake alikuwa na baa. Akiwa na miaka 7 wazazi wakamshindwa, wakampeleka St. Mary's, shule ya watawa wa Kikatoliki iliyochukua yatima na watoto watukutu. Hapo kulikuwa na mtawa mmoja, Bruda Matthias, mtu mkubwa wa mwili, aliyekuwa anasimamia nidhamu. Jioni Matthias alikuwa anachukua gongo kwa mkono mmoja, anaupiga mpira juu mbinguni huko, watoto wanaukimbilia. Ruth alikuja kusema ukubwani kwamba alijaribu kupiga kama yeye. Mimi kama mwalimu mtarajiwa nilisimama hapa kidogo. Katika habari zote hizi za kocha huyu na kocha yule, aliyeanzisha kitu ni mwalimu wa shule ya watoto watukutu, na wala hakuwa anafundisha kupiga. Alikuwa anawapigia mpira wakimbie wachoke.

Mwaka 1914 Ruth akachukuliwa na timu ya mji wake, na mwaka ule ule akauzwa Boston Red Sox. Akachukuliwa kama nani? Kama mrushaji! Hili ndilo jambo ambalo Mjapani alitaka nilielewe. Ruth alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, na alikuwa moto kweli kweli. Mwaka 1916 alishinda mechi 23, mwaka 1917 akashinda 24. Na kwenye besiboli mrushaji hategemewi kupiga. Siku zile zamu yake ya kupiga ilipofika, watu walienda kununua karanga. Kocha hapotezi muda wake kumnyoosha mrushaji namna anavyoshika gongo, ni sawa na kumfundisha golikipa kupiga kona.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kijana analishika gongo kule chini kabisa mwisho wa mpini, anajizungusha mwili mzima mpaka miguu inajifunga, akikosa anakaribia kuanguka, watu wanacheka. Angekuwa mdakaji wa kawaida, msimu wa kwanza tu wangemkalisha chini: mwanangu, fupisha, bana mikono, piga chini. Kwa kuwa alikuwa mrushaji, hakuna aliyejali. Wako wanaohistoria wengi wa mchezo huu wanaoliona hili kuwa ndiyo mlango aliopitia. Mimi nakubaliana nao, ila nisitie chumvi: Ruth mwenyewe alisema pia kwamba aliiga upigaji wa Joe Jackson, aliyekuwa mpigaji hodari wa siku zile. Kwa hiyo hakuota kama uyoga. Alikuwa na watu wa kuwatazama, ila hakuwa na mtu wa kumzuia.

Mwaka 1918 Marekani iko vitani, wachezaji wengi wameenda jeshini, Boston wakapungukiwa na watu. Wakaanza kumweka Ruth acheze na siku ambazo harushi. Akapiga homurani 11, akalingana na kinara wa ligi. Mwaka 1919 akacheza zaidi kama mpigaji, akapiga 29. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 27, ya mwaka 1884, na ile iliwekwa Chicago kwenye kiuwanja ambacho uzio wake ulikuwa karibu mno, karibu aibu. Halafu Boston wakamuuza! Mkataba ulifanyika mwisho wa Desemba 1919, ukatangazwa Januari 1920, dola 100,000, akaenda New York Yankees. Watu wa Boston walilia miaka 86 kwa jambo hilo, maana hawakuchukua ubingwa tena mpaka 2004. Sisi wa Simba na Yanga tunajua maumivu ya kumwona mchezaji wako anavaa jezi nyingine, lakini miaka 86!

Mwaka 1920 Ruth akapiga homurani 54. Aliyemfuata kwenye ligi yake, George Sisler, alipata 19. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Siyo hayo tu. Ukiacha timu yake mwenyewe, katika timu zote 15 zilizobaki za ligi kuu mbili ni moja tu, Philadelphia Phillies, iliyopiga homurani nyingi kuliko yeye mmoja. Mtu mmoja dhidi ya timu nzima nzima, na anazishinda. Na watu wakaja. Mwaka 1919 Yankees walipata watazamaji kama 619,000, mwaka 1920 wakapita milioni moja na robo, timu ya kwanza kufika milioni. Walikuwa wapangaji kwenye uwanja wa Giants, uwanja wa yule mzee McGraw. Mpangaji akawa anajaza nyumba kuliko mwenye nyumba. Unajua kinachofuata: wakaambiwa watafute pa kwenda. Wakajenga Yankee Stadium, ukafunguliwa Aprili 1923, uzio wa upande wa kulia ukiwekwa karibu, mita kama 90, upande ule ule ambao mpigaji wa mkono wa kushoto hupeleka mipira yake. Siku ya ufunguzi nani alipiga homurani? Usiulize.

Mpaka hapa ni hadithi ya shujaa, na ningeishia hapo ningejipa 4 kwa 10 mwenyewe. Kwa sababu kuna kifo ndani yake.

Tarehe 16 Agosti 1920, New York. Cleveland wanacheza na Yankees. Mrushaji wa Yankees ni Carl Mays, ambaye hurusha kwa chini, mkono ukikaribia kusugua ardhi. Mpigaji ni Ray Chapman wa Cleveland, miaka 29, mtu aliyependwa na wengi, mke wake ni mjamzito. Jioni ya mawingu, mpira umechafuka. Mays akarusha, Chapman hakusogea kabisa. Ukampiga kichwani. Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Mays alidhani umegonga gongo, akauokota mpira uliomrudia akautupa kituo cha kwanza ili amtoe. Chapman alifariki alfajiri yake hospitalini. Ni mchezaji pekee wa ligi kuu aliyekufa kwa kupigwa na mpira uwanjani.

Inaaminika hakuuona. Mpira mweusi, jioni, ungeuona vipi? Ule ubahili wa mpira mmoja ukawa umeua mtu. Baada ya hapo waamuzi wakawa wanautoa mpira ukichafuka tu, wanaleta mweupe. Mapema mwaka ule ule walikuwa wameshapiga marufuku kuupaka mate, isipokuwa warushaji 17 waliokuwa wanategemea ujanja huo walioruhusiwa kuendelea nao mpaka wastaafu. Wa mwisho wao, Burleigh Grimes, alimaliza 1934. Kwa hiyo kuanzia hapo mpigaji ana mpira mweupe, mgumu, unaokwenda njia iliyonyooka zaidi. Watu wanabishana mpaka leo kama na ndani ya mpira kulibadilishwa kitu, watengenezaji walikana. Lakini hata bila hilo, kile kilichokuwa kosa mwaka 1910 hakikuwa kosa tena mwaka 1921. Upigaji wa Ruth ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni dunia aliyokuwa anapiga ndani yake.

Hapo kwenye semina yetu ya Historia tungegawanyika makundi mawili, wa "mtu mkuu" na wa "mazingira", tukapigana mpaka saa ya chakula. Mimi naona hivi: mpira mweupe bila Ruth, makocha wangeendelea kufundisha kupiga chini kwa miaka mingi, kwa sababu ndicho walichokijua. Ruth bila mpira mweupe angebaki kituko cha Boston. Kilikuwa kifo cha mtu na utukutu wa mtu, vimekutana mwaka mmoja. Tena na fedheha juu yake: Septemba 1920 ikafumuka habari kwamba wachezaji wa Chicago walihusika kuuza fainali za 1919. Wanane wakafungiwa maisha, akiwemo yule Joe Jackson. Watu wangeweza kuuchukia mchezo kabisa. Badala yake walikuwa na jitu moja New York linapeleka mipira kwenye paa. Mwenye timu gani angelisahihisha?

Mwaka 1919 ligi kuu zote zilipiga homurani 447 kwa jumla. Mwaka 1921 zilikuwa 937. Wengine walishaanza kuiga.

McGraw hakukubali kirahisi, na hapa nampenda. Mwaka 1921 Giants na Yankees walikutana fainali, mchezo wa zamani na mchezo mpya, kwenye uwanja mmoja. Giants wakashinda. Mwaka 1922 wakakutana tena, Giants wakashinda tena, na Ruth hakufanya lolote, wastani wake ulikuwa .118, yaani hata mimi. Kama ungesimamisha historia hapo ungesema wazee walikuwa sahihi. Mwaka 1923 wakakutana mara ya tatu. Ruth akapiga homurani tatu, Yankees wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Mwaka 1927 akapiga 60 kwa msimu. Alipostaafu 1935 alikuwa na 714.

Lakini kuna watu hawakuruhusiwa hata kukosea. Ligi hizi zote ninazozitaja zilikuwa za wazungu watupu. Mwaka ule ule wa 1920, mwezi Februari, Rube Foster alikusanya wenye timu za weusi pale Kansas City wakaanzisha ligi yao. Huko ndiko alikotokea Josh Gibson, aliyezaliwa Georgia 1911 akakulia Pittsburgh. Wako waliomwita Babe Ruth mweusi, na wako waliosema Ruth ndiye Gibson mweupe. Kwenye jumba la heshima la besiboli, alikoingizwa 1972, imeandikwa kwamba alipiga karibu homurani 800 ukijumlisha mechi za ligi na zile za nje ya ligi. Hakuna atakayeijua hesabu kamili, maana hizo mechi nyingi hazikuandikwa vizuri. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson akaingia ligi kuu. Miezi mitatu tu! Kaburi la Gibson lilikaa bila jiwe la jina mpaka 1975. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake, na wastani wa Gibson wa .372 ukampita Ty Cobb, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo karibu karne nzima. Kwa hiyo anayeongoza orodha leo ni mtu ambaye Cobb asingecheza naye uwanja mmoja kwenye ligi ile.

Na aliyempita Ruth kwa homurani naye alipitia huko. Hank Aaron wa Mobile, Alabama, alianza na timu ya weusi ya Indianapolis Clowns mwaka 1952. Alipokuwa kijana alikuwa anashika gongo kinyume, mkono wa chini juu na wa juu chini, hakuna aliyemfundisha. Huyu alisahihishwa. Na waliomsahihisha walikuwa sahihi, jamani! Akageuza mikono, akaja kuwa yule aliyekuwa. Niliposoma hili nikamgeukia Mjapani nikamwambia: haya, na hapa je? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hapo ticha umenikamata." Aaron alipokaribia 714 alipokea barua kwa maelfu, nyingi za matusi na za kumtishia kumuua, kwamba mtu mweusi asithubutu. Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, akapiga ya 715. Alimalizia 755.

Miaka ya karibuni nitaipitia haraka maana mitihani inakuja. Mwaka 1998 Mark McGwire alipiga 70, mwaka 2001 Barry Bonds akapiga 73, watu wakafurahi, halafu zikaja habari za dawa za kuongeza misuli na furaha ikachacha. Kuanzia 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vikawekwa mitambo inayopima mpira umetoka kwenye gongo kwa kasi gani na kwa pembe gani. Kompyuta ikasema kile Ruth alichokuwa anafanya bila kuulizwa: piga juu. Kila mtu akapiga juu. Mwaka 2019 zilipigwa homurani 6,776, hazijawahi kufika hapo. Na mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, waliotolewa kwa kukosa mara tatu walikuwa wengi kuliko mipira iliyopigwa vizuri. Yaani mtazamaji anakaa saa tatu, anaona watu wanapepea hewa. Mwaka 2023 wakubwa wa ligi wakabadilisha sheria: saa ya kumharakisha mrushaji, vituo vikubwa zaidi, wadakaji wasirundikane upande mmoja. Walikuwa wanajaribu kurudisha zile mbio na wizi wa vituo, mchezo wa McGraw. Na vituo viliibwa zaidi ya 3,500 mwaka ule, kutoka kama 2,500 mwaka wa nyuma. Lile kosa lilikuwa limegeuka utaratibu, likaanza na lenyewe kuhitaji kalamu nyekundu.

Mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, lakini, siyo Ruth. Ni Joe Sewell. Chapman alipokufa, Cleveland walihitaji mtu wa nafasi yake, wakamleta kijana huyu mfupi kutoka Alabama, Septemba 1920. Hebu fikiria unaitwa kazini kwa sababu hiyo. Sewell alikuwa mpigaji wa kale kabisa, haukosi mpira. Katika misimu 14 alitolewa kwa kukosa mara tatu jumla mara 114 tu. Ruth alitolewa hivyo mara 1,330. Msimu mzima wa 1925 Sewell alikosa hivyo mara 4. Mwaka 1931 akaenda timu gani? Yankees. Mwaka 1932 wakachukua ubingwa pamoja, yeye na Ruth, wanavaa jezi chumba kimoja, yule asiyekosa na yule anayekosa kuliko wote. Mwaka 1977 Sewell naye aliingizwa kwenye jumba la heshima.

Jana jioni Mjapani alinitoa nyuma ya hosteli na mti wa ufagio na mpira wa tenisi. Akanionyesha alivyofundishwa na kocha wake: magoti kidogo, gongo liende sambamba na ardhi, macho kwenye mpira. Nikamwambia mimi napiga kama Ruth. Nikakosa mara tano mfululizo, wadada wa bloku ya pili wakapata cha kuchekea. Wa sita niliupata, ukapanda juu kabisa ya mwarobaini na hatujauona mpaka sasa. Ananidai mpira.

Ile karatasi ya dogo, katika haraka za kufunga, nilisahau kuirudisha, imo kwenye begi langu. Maksi zilishaingia kwenye daftari la shule, siwezi kuzigusa tena. Leo asubuhi nimeisoma mara ya tatu. Ile aya ya njaa, jamani, mwanzo kabisa, kabla hujajua vita ilitoka wapi, imekaa vizuri.

Nasikia ndoo zinagongana huko chini, maji yamerudi. Ngoja niwahi foleni.